Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: kwa nini tulikwenda Ouje-Bougoumou

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya mwaka uliokwisha. Shughuli za kawaida mnazijua. Iddi na Pasaka tulikula pamoja, darasa la Kiswahili la watoto liliendelea, misiba miwili tulichanga na kuisimamia mpaka marehemu wakasafirishwa. Nawashukuru walimu na akina mama wa jikoni. Picha mlikwisha kuziona kwenye kundi la WhatsApp, kwa hiyo sitarudia.

Nitatumia nafasi hii kueleza uamuzi wa kamati uliotuletea mvutano: kutoa fedha za sherehe ya mwisho wa mwaka na kuziweka kwenye safari ya mafunzo ya Ouje-Bougoumou, kijiji cha Wakrii, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, kilicho karibu na mji wa Chibougamau, zaidi ya kilomita 700 kaskazini mwa hapa Montreal. Yamesemwa mengi. Imesemwa mwenyekiti amekwenda kutalii kwa pesa za chama. Mmoja wetu aliuliza kikaoni, "Wahindi Wekundu wanatuhusu nini sisi?" Naomba jina hilo lisitamkwe tena katika vikao vyetu. Hao ndio wenyeji wa nchi iliyotupokea, na mimi kama mwenyekiti sitakubali wadharauliwe mbele yangu.

Wazo la safari lilikuwa langu na naendelea kulisimamia. Kila mkutano tunazungumzia ukumbi wetu wenyewe, na kila mwezi tunalipa kodi ya ukumbi wa mtu mwingine. Nilitaka tukaone watu walioanza bila hata kiwanja.

Ardhi ya Ouje-Bougoumou ina shaba na dhahabu, na utajiri huo uliwatesa. Tangu miaka ya 1920 mpaka mwaka 1970 walihamishwa mara saba kupisha wachimbaji. Kijiji chao cha mwisho, kando ya Ziwa Doré, kilibomolewa, wakatawanyika kwenye vibanda na mahema pembezoni mwa barabara. Serikali ikawahesabu kuwa ni watu wa Mistissini, kijiji kingine cha Wakrii. Mwaka 1975, baada ya Wakrii kwenda mahakamani kupinga mabwawa ya umeme ya James Bay, kaskazini mwa jimbo la Quebec, ulitiwa saini mkataba uliowapa Wakrii na Wainuit, wenyeji wengine wa kaskazini, fidia ya dola milioni 225, pamoja na haki ya kuwinda na kusimamia shule na afya zao. Jumuiya nane za Wakrii zilitambuliwa. Ouje-Bougoumou haikuwamo.

Hapa ndipo wanaolalamika wangefaidika kama wangekuja. Watu wale hawakuwa na ofisi, hawakuwa na bajeti, na kwenye karatasi hawakuwapo kabisa. Wakiongozwa na chifu Abel Bosum kuanzia mwaka 1984, waliendelea kudai kijiji, na mazungumzo yalipokwama mwaka 1989 walifunga barabara. Septemba mwaka huohuo serikali ya Quebec ilikubali kuchangia ujenzi. Serikali kuu ya Kanada ilifuata mwaka 1992. Mahali pa kujenga walichagua wenyewe, karibu na Ziwa Opémiska. Michoro wakampa Douglas Cardinal, msanifu mwenye asili ya wenyeji, naye akawasikiliza wazee kabla ya kushika kalamu. Mkataba wa kuwaingiza rasmi kama jumuiya ya tisa ulitiwa saini mwaka 2011, miaka 36 baada ya ule wa kwanza.

Kilichonigusa zaidi ni joto la nyumba. Sote tunaijua bili ya Januari. Wao waliona kiwanda cha kupasua mbao cha Chapais, jirani yao, kinatupa vumbi la mbao kama taka. Wakajenga nyumba moja ya kuchomea vumbi hilo, na maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya ardhi mpaka kwenye nyumba za kijiji. Pesa ambayo ingekwenda kwa muuza mafuta inabaki kwao, na kazi ya kuendesha mtambo ni yao pia. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulikitaja kijiji hicho miongoni mwa jumuiya 50 za mfano duniani. Nauliza wale walioandika kwamba "hakuna cha kujifunza huko": kulipia kila mwezi kitu kisichokuwa chetu, hilo si ndilo tatizo letu?

Tena Wakrii kwa jumla hawakuishia hapo. Shirika lao la ndege, Air Creebec, lilianza mwaka 1982. Mwaka 2002 walitia saini na Quebec mkataba wa Paix des Braves, yaani Amani ya Mashujaa: kwa miaka 50 Quebec iwalipe, na kuanzia mwaka wa tatu si chini ya dola milioni 70 kwa mwaka. Tangu mwaka 2014 wanakaa na majirani zao wasio Wakrii kwenye serikali moja ya eneo. Najua nitaambiwa kwamba mkataba wa 2002 uliruhusu Mto Rupert ugeuzwe njia kwa ajili ya umeme, na wapo Wakrii walioupinga mpaka mwisho. Ni kweli, na uchungu wao ni halali, kwani mto ule ulikuwa maisha yao. Lakini jambo lilipelekwa kwa wananchi likapigiwa kura. Na sisi tulipiga kura kamatini, muhtasari upo, na wajumbe wawili waliopinga majina yao yameandikwa kama walivyotaka.

Kuhusu fedha: sherehe ya mwaka juzi ilikula dola 3,400; basi na malazi ya safari dola 3,100. Mkaguzi ameona stakabadhi zote. Viti karibu nusu vya basi vilikwenda vitupu ingawa vilikwisha kulipiwa, na baadhi ya waliojiandikisha hawakupokea hata simu asubuhi ile. Mkutano wa Machi uliahirishwa kwa kukosa akidi. Wanachama tuko 64, waliolipa ada kamili ni 23, na malimbikizo yanazidi dola 3,800. Ada ni dola 10 kwa mwezi. Inaniuma kusema, lakini sauti kali zaidi kuhusu safari zimetoka kwa watu ambao daftari halina jina lao tangu mwaka juzi. Mwanachama anayedaiwa ana haki ya kusikilizwa. Kura, kwa katiba yetu, hana.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kuanzisha mfuko wa akiba wa ukumbi. Kamati ndogo itaundwa kuangalia namna ya kuuendesha na kuzungumza na wanaojua mambo ya ushirika. Vijana wameomba tuwaalike wageni kutoka Ouje-Bougoumou. Tutaona uwezo ukiruhusu. Sherehe ya mwisho wa mwaka itarudi iwapo ada zitaingia.

Mweka hazina yuko mezani karibu na mlango na daftari lake, anapokea taslimu na anapokea kwa benki.

Mwenyekiti