Aliyepigwa picha Moshi ni nondo, si ndege mvumaji

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni gazeti lako lilichapisha picha ya kiumbe mdogo aliyesimama hewani mbele ya maua ya lantana katika bustani moja ya Moshi, na maelezo chini yake yakasema kwamba huyo ni ndege mvumaji (hummingbird). Naomba nafasi ya kuyasahihisha, kwa kuwa ndege wavumaji huishi Amerika tu, Kaskazini na Kusini, pamoja na visiwa vya karibu. Ndege wetu wanaofyonza maua ni chozi, ambao aghalabu hutua kwanza kitawini.

Aliyepigwa picha ni nondo wa jenasi ya Cephonodes, familia ya Sphingidae, ambaye huruka mchana kweupe. Picha yenyewe yatosha kumtambulisha. Kichwani ana vipapasio viwili vilivyonenepa kuelekea ncha, ambavyo hakuna ndege aliye navyo. Kinachodhaniwa kuwa mdomo ni mrija laini anaoukunja chini ya kichwa akimaliza kula. Na huo unaoonekana kuwa mkia wa manyoya ni kishungi cha vigamba vyeusi. Mabawa yake ni maangavu kama kioo. Anapotoka tu katika pupa huwa yamefunikwa na vigamba vya kijivu, lakini hivyo hupukutika mara anapoanza kuruka, na ndiyo maana ni nadra mtu kuviona.

Wapo watakaosema kwamba nondo huyu anamwiga ndege mvumaji. Sikubaliani nao. Cephonodes hupatikana Afrika, Asia hadi Australia, ambako ndege huyo hayupo, na sioni mdudu angepata faida gani kwa kumwiga ndege ambaye maadui zake hawajapata kumwona. Wamefanana kwa sababu wana riziki moja: kila mmoja hufyonza ua bila kutua, kwa hiyo anahitaji mabawa yapigayo kwa kasi na kifaa kirefu cha kufikia ndani.

Atakayetafuta picha za kulinganisha katika intaneti awe mwangalifu, maana nyingi ni za nondo mwingine, Hemaris thysbe wa Amerika Kaskazini, ambaye mabawa yake yana pindo pana la rangi ya kahawia nyekundu. Wetu hana pindo hilo. Tunaye pia nondo aitwaye Macroglossum trochilus, mdogo zaidi, lakini mabawa yake hayapenyi mwanga.

Ningependa sahihisho litolewe kwa sababu nyingine pia: gazeti lako husomwa na wakulima wa kahawa. Kiwavi wa nondo huyu, mwenye pembe nyuma, hula majani ya mibuni na ya gadenia. Anayemkuta katika miche michache anaweza kumwokota kwa mkono bila kupulizia dawa, na pembe hiyo, ingawa inatisha, haichomi.

Msomaji wako,
Moshi