Mliniuzia Malindi, Kisha Mkaiuza Tena

Tawi la Malindi,
Barabara ya Lamu,
Malindi.

9 Juni 2025

Mkurugenzi wa Matawi,
Makao Makuu,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: JIKO MLILOFUNGUA NDANI YA ENEO LANGU

Mimi ndiye mwenye tawi lenu la kuku wa kukaanga hapa Malindi, niliyenunua kwenu haki ya kutumia jina lenu, mwaka wa nne sasa. Nimewapigia simu mara tano, na kila mara napokewa na mtu mpya ninayelazimika kumsimulia tangu mwanzo. Leo nimeona niandike.

Mwezi wa Machi, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mlifungua jiko la oda za simu nyuma ya kituo cha mafuta, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwangu. Halina viti wala bango. Lakini kuku ni yule yule, boksi ni lile lile, na jina ni lile nililolilipia. Nilipouliza nikajibiwa kwamba hilo si tawi, ni njia nyingine ya mauzo, na mkataba unawaruhusu.

Nimeutoa mkataba kabatini nikausoma upya. Kipengele cha 4 kinasema eneo langu ni mji wa Malindi, na kwamba hamtafungua mgahawa mwingine humo wala kumruhusu mtu kufungua. Kipengele cha 9, kurasa kumi na nne mbele, kinawabakishia haki ya kuuza bidhaa hizo hizo kwa njia nyingine yoyote, popote. Yaani huku nimepewa mji, kule nikanyang'anywa walaji wake. Siku ya kutia sahihi afisa wenu wa mauzo aliniambia, "Mama, Malindi yote ni yako." Kipengele cha 9 hakukigusa. Na mimi, kosa langu nalikubali, sikumwuliza.

Msidhani naogopa ushindani. Jioni kwenye mji huu kuna viazi karai, mishikaki, kuku wa kuchoma kando ya barabara, na pizza za Waitaliano ambazo hata wanangu wanazipenda kuliko kuku wangu. Wote hao niliwakuta. Mteja akinipita akaenda kwao, najua nina kazi ya kufanya. Lakini muuza mishikaki hachukui asilimia 6 ya mauzo yangu kila mwezi, wala asilimia 3 nyingine ya matangazo. Ninyi mnachukua, na hayo matangazo ninayoyachangia ndiyo yanayomwambia mtu wa Malindi aagize kwa simu, oda yake ikaangukia jikoni kwenu.

Niwape mfano wa usiku mmoja tu. Baada ya tarawehe ndipo duka langu hujaa: akina baba na watoto wao, vijana wa bodaboda, wafanyakazi wa mahoteli wanaotoka zamu. Usiku huo akaingia mwendesha boda, kofia ngumu mkononi, akauliza oda yake iko wapi. Programu ya simu ya kuagizia ilikuwa imemleta kwangu. Nikamwelekeza nyuma ya kituo cha mafuta. Nusu saa baadaye akaja mama mmoja na boksi la vipande tisa, chipsi zimelegea kwa mvuke, akaliweka juu ya kaunta mbele ya wateja wangu na kuniuliza kama hivi ndivyo ninavyowapikia watu waliofunga. Sikukipika kile chakula. Lakini boksi lina jina lililo juu ya mlango wangu, sasa ningemwelezaje? Nilimkaangia vipande vingine bure, na gharama hiyo iko kwenye hesabu niliyoambatisha.

Tazameni sasa jinsi hesabu inavyokwenda. Kabla ya Machi nilikuwa nikiuza oda 140 hivi kwa siku ya kawaida. Sasa nikifika 95 nashukuru. Tuseme jiko lenu linauza 80. Kwenu ninyi oda zimepanda kutoka 140 hadi 175, na kwa kuwa mrabaha, ile asilimia 6 yenu, hukatwa kwenye mauzo yote kabla ya gharama, ripoti yenu ya Nairobi itaonyesha Malindi inakua. Kodi ya nyumba, umeme wa mashine za kukaangia na mishahara havipungui kwa sababu oda zimepungua. Kwa hiyo naweza kufilisika katika mji ambao makaratasi yenu yanasema unafanya vizuri. Nilikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja. Watatu nimewaachisha mwezi uliopita.

Na msitegemee watalii. Watu wa bara hufikiri Malindi ina msimu mwaka mzima. Ikishaingia masika, Aprili hadi Juni, hoteli kadhaa hufunga milango, na duka kama langu huishi kwa wenyeji tu. Hao wenyeji ndio mliokuja kuwagawa. Mji huu si Nairobi, ambako mkiweka matawi mawili kwenye barabara moja kila moja litapata foleni yake.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya oda. Mkataba huo huo unanikataza kuuza kuku wa kukaanga kwa miaka miwili baada ya kuachana nanyi, ndani ya kilomita 20. Yaani nikitoka, kuanzia Mambrui mpaka Gede siruhusiwi kuweka karai motoni. Ninyi mnaruhusiwa kushindana nami nikiwa ndani. Mimi siruhusiwi hata nikiwa nimetoka.

Mnapenda kutuambia kwenye semina kwamba mfumo wenu mmeujengea Marekani. Basi mpwa wangu anayesomea sheria amenionyesha kanuni ya huko. Anayeuza haki ya jina lake lazima ampe mnunuzi hati ya maelezo siku 14 kabla ya kutia sahihi, na sehemu ya 12 ya hati hiyo ni ya eneo peke yake. Kama eneo si la mnunuzi pekee, hati inatakiwa iseme wazi kwamba anaweza kushindana na matawi ya kampuni yenyewe au njia zake nyingine za mauzo. Kenya hatuna sheria mahsusi ya biashara hii. Tunabaki na mkataba, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Lakini kama mfumo umetoka huko, mbona ukurasa huo ulibaki njiani?

Ninachotaka ni hiki. Oda zote za simu zinazotoka ndani ya mji wa Malindi zipikwe kwangu. Mashine ninazo na nafasi ninayo. Kama hamwezi kulifunga jiko, basi nilipwe sehemu ya mauzo yake tangu Machi, na mrabaha wangu ushuke mpaka mauzo yarudi. Kwa vyovyote vile, nataka nyongeza ya mkataba yenye ramani, mipaka imechorwa kwa majina ya mitaa, na maneno yanayotaja majiko ya oda, vibanda vya vituo vya mafuta na programu za simu. Kama hayo yote ni mazito kwenu, nifungulieni kile kipengele cha miaka miwili niondoke salama.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 21. Zikipita, nitaomba usuluhishi kama mkataba unavyosema, na nitaomba ufanyike Mombasa badala ya Nairobi, kwa sababu nauli nazo zimekuwa hesabu. Malalamiko haya nitayapeleka pia kwa Mamlaka ya Ushindani.

Mwisho, wiki ya pili ya Aprili kijana wa jiko lenu alikuja kwangu saa mbili usiku, ameishiwa unga wa viungo. Nilimpa mifuko miwili, maana ni mtoto wa watu na wateja walikuwa wakimsubiri. Mfuko mmoja mnaniuzia shilingi 4,800. Mpaka leo sijarudishiwa.

Wenu mwaminifu,

Mwenye tawi la Malindi