Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lamu

Assalamu alaykum, ndugu wanachama.

Kwa wageni waliofuata harufu ya kahawa: mchezo wetu ni kitendawili kilekile cha bibi zetu, ila jibu lake ni mnara wa redio unaomwonyesha rubani njia. Kila mnara hujitaja kwa herufi zake katika alama za Morse, yaani milio mifupi na mirefu. Ile ya VOR, aina ya minara inayomwambia rubani yuko upande gani, kwa kawaida huwa na herufi tatu. Mtegaji hudokeza mahali, kisha hucheza na jina. Ukishindwa, toa mji.

Na miji ilitolewa mwaka huu! "Ndugu yetu wa Uingereza, kakatwa mkia, ndege za Heathrow humzunguka zikingoja zamu." Mmoja alitoa Mombasa nzima. Mteguaji akawa bibi mshona kofia ambaye hajawahi kupanda ndege: mnara wa Lambourne, LAM, yaani Lamu isiyo na u.

"Kilima kinachokupa pole hujafiwa" kilileta ubishi. Ni Pole Hill, POL, kaskazini mwa Uingereza. Walalamikaji walisema kwa Mwingereza hiyo ni nguzo tu. Nikaamua: barazani kwetu masikio ni ya Kiswahili.

Uamuzi wa pili uliniuma. Kijana alitega, "Neno la majuto, ndege zake hutua Manda." LAU! Kitamu mno, lakini LAU ni herufi za uwanja wetu wa ndege zinazoandikwa kwenye tiketi, kama MYD ya Malindi, si mnara. Nilikikataa. Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ni ya mkato.

Tulipata pia darasa moja. VOR hurusha mawimbi ya aina mbili: moja lile lile pande zote, jingine likizunguka mara 30 kwa sekunde. Chombo ndani ya ndege hulinganisha hayo mawili, kikajua kiko upande gani wa mnara. Nahodha mmoja mstaafu alitukumbusha kwamba rubani alikuwa wa baharini kabla ya kupelekwa angani.

Fedha atazisoma mweka hazina. Pengo mtakaloliona ni la halua.

Limebaki moja. Marekani na Uingereza wanapunguza minara hii kwa sababu siku hizi satelaiti huongoza ndege. Je, mnara uliozimwa uendelee kutegwa? Mimi nasema ndiyo, mradi mtegaji aanze kwa "Paukwa". Kura ni ya kunyosha mikono, baada ya kahawa.