Barua ya wazi kwa Waziri anayehusika na bahari: anza na nyavu

Mheshimiwa Waziri, salaam na pole na majukumu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za kawaida tunajua zinakoishia, zinagongwa muhuri wa kupokelewa halafu basi. Naomba univumilie maana nitakuwa mrefu kidogo.

Kila mwaka mwezi wa tisa kuna ile siku ya kimataifa ya kusafisha fukwe, ilianza 1986 kule Texas na sasa inafanyika karibu kila mahali penye bahari. Viongozi wanavaa tisheti mpya na glavu, wanaokota chupa mbili tatu, kamera zinafanya kazi yake, jioni taarifa inatoka kwamba tani kadhaa zimeondolewa. Sidharau hata kidogo, wanaojitolea wana moyo na zile rekodi zao za nini kimeokotwa zimesaidia sana kujua nini kinatupwa. Ila serikali ikianza kujipima kwa idadi ya magunia hapo ndo ninapoona tatizo, kwa sababu gunia likijaa maana yake takataka zimeshapita kila mahali ambapo zingeweza kuzuiwa, na maji yakijaa kesho yake yanaleta zingine. Ni kuteka maji kwa pakacha Mheshimiwa.

Halafu ufukweni unaona kile kinachoelea tu. Hiki kitu watu wengi hawakifikirii. Plastiki aina ya poliethilini na polipropilini zinaelea, ndo maana chupa na vifuniko na vipande vya kamba vinakuja hadi mchangani, lakini nailoni inazama. Na nyavu nyingi za kutega ni nailoni. Kwa hiyo kile kinachoua samaki wengi kuliko vifuniko vyote vya soda kimelala chini huko, hakuna tisheti wala glavu itakayokifikia, na kwenye taarifa ya jioni hakimo.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni moja, na mengine yote humu ndani ni maelezo yake: fanya iwe rahisi na bure kurudisha takataka bandarini kuliko kuzitupa majini, na uanze na nyavu.

Mbona nyavu, wakati takataka nyingi za baharini zinatoka nchi kavu? Swali zuri na jibu lake si kwamba nchi kavu haina makosa. Ni kwamba chupa ikipotea imepotea, inachafua na kukatikakatika vipande, basi. Wavu ukipotea unaendelea na kazi. Hebu fikiria wavu wa kutega umekatika kamba ya boya na mwenyewe ameutafuta akakata tamaa. Chini huko maboya madogo ya juu yake bado yanauvuta kwenda juu, chubwi, vile vizito vya chini yake, bado zinaukandamiza chini, umesimama wima vilevile kama ulivyotegwa. Samaki anaingia, ananasa, anakufa, harufu inaita kaa na samaki wengine, nao wananasa humo humo. Uzito ukizidi wavu unalala sakafuni, mizoga ikishaliwa na kuoza unakuwa mwepesi na unaweza kuinuka tena na kuanza upya. Hapo hakuna anayekula, hakuna anayeuza, hakuna anayekusanya ushuru, na ni samaki walewale ambao wizara yako inahangaika kuwalinda kwa kufunga msimu na kupima matundu ya nyavu! Kasa naye akinasa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, anakufa kwa kuzama, kiumbe cha baharini.

Na si kidogo. Lile eneo kubwa la takataka kati ya Hawaii na California, lililojulikana sana baada ya nahodha Mmarekani Charles Moore kupita hapo na boti yake 1997, utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria lina tani kama 79,000 za plastiki na karibu nusu ya huo uzito, asilimia 46, ni nyavu. Watu wakisikia habari za eneo lile wanawaza mirija na mifuko ya rambo, kumbe nusu ya mzigo ni zana za kazi.

Sasa kwa nini zinapotea. Kuna dhoruba, kuna kunasa kwenye mwamba, kuna meli inapita usiku juu ya boya na kukata kamba, kuna chombo cha kukokota wavu kinazoa mitego ya wenzake, na kuna wale wanaovua pasiporuhusiwa ambao wakiona taa ya doria wanakata kamba na kuondoka fasta. Hao wa mwisho ni kazi ya polisi sitawagusa hapa. Mimi nawazungumzia wa kawaida kabisa ambao wavu umechakaa, hautengenezeki tena, na inabidi uende mahali. Unarudi nao bandarini unakuta hakuna pa kuuweka, au pipa lipo limejaa tangu juzi, au unaambiwa lipia kwa uzito na wavu mkuukuu uliolowa maji na kujaa mchanga si mzito kidogo. Usiku baharini hakuna pipa la kujaa wala wa kukudai hela, na shahidi ni pweza peke yake. Mtu hahitaji kuwa mbaya ili afanye hesabu hiyo.

Na hii kitu imeshakatazwa zamani Mheshimiwa, ndo kinachoudhi. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, Kiambatisho chake cha Tano kilichohusu takataka ulianza kutumika 31 Desemba 1988, na unakataza kutupa plastiki ya aina yoyote baharini popote pale, nyavu na kamba za plastiki zikiwemo kwa kutajwa kabisa. Watu wanaukumbuka kwa huo upande wa makatazo tu, wakati humo humo serikali za nchi zenye bandari zimepewa wajibu wa kuweka mahali pa kupokelea hizo takataka. Yaani mkataba ni wa pande mbili, chombo kisitupe na bandari ipokee. Upande wa kwanza tunausimamia kwa mabango na faini, wa pili tunauacha kwa nani sijui. Tena kitabu cha kumbukumbu ya takataka, ambamo meli inaandika takataka zake zimekwenda wapi, kwa meli za kawaida ni lazima kuanzia zenye ukubwa wa tani 100 (kabla ya Mei 2024 ilikuwa 400), kwa hiyo vyombo vidogo vya uvuvi, ambavyo ndo vingi, havina pa kuandika chochote na hakuna anayewauliza.

Walioamua kuutekeleza huo upande wa pili wapo na si siri. Umoja wa Ulaya 2019 walipitisha sheria mpya ya kupokea takataka za vyombo bandarini na kiini chake ni kitu rahisi kabisa: chombo kinalipa ada ile ile uwe umeleta takataka au hujaleta, na ukileta hulipishwi zaidi, hata zile zilizonasa kwenye wavu wako ambazo si zako. Ona jinsi hesabu inavyogeuka hapo, ukitupa baharini umelipa bure, ukileta umetumia haki yako. Sijaona faini inayofanya kazi kama hiyo. Korea Kusini wao tangu 2003 wananunua takataka ambazo wavuvi wamezitoa baharini wakiwa kazini, yaani nyavu kuukuu za watu wengine zimekuwa na bei. Norway tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali inatuma chombo kila mwaka kwenda kuopoa zana zilizopotea, na imefanikiwa kwa sababu inajua pa kwenda, maana kule mvuvi akipoteza zana analazimika kwanza aitafute na akishindwa aripoti ni wapi.

Hapo kwenye kuripoti naomba nikae kidogo maana ndipo serikali nyingi zinapoharibu. Ukimwambia mtu aripoti halafu akija unamuandikia faini umemfundisha asirudi tena, yeye na wote aliokutana nao siku hiyo. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyetupa na aliyepotelewa na sheria yako lazima iione. Aliyepotelewa akipiga simu au akituma ujumbe na mahali GPS ilipomuonyesha, apewe asante na namba ya kumbukumbu, basi, bila maswali ya leseni yake inaisha lini. Ile taarifa ni mali. Ukiwa na ramani ya sehemu ambazo zana zinapotea mara kwa mara unaweza hata kuhamisha njia ya meli au kutenganisha wanaotega na wanaokokota, na kuopoa kunakuwa nafuu badala ya kuzungukazunguka na mzamiaji kwa kubahatisha. Kwa makontena dunia imeshakubali, kuanzia 1 Januari 2026 meli ikidondosha kontena baharini ni lazima nahodha atoe taarifa bila kuchelewa. Ilichukua miaka na aibu nyingi kufika hapo, ikiwemo ile ya meli ya makontena X-Press Pearl iliyoungua nje ya Colombo, Sri Lanka, 2021 na kumwaga tani karibu 1,680 za punje za plastiki. Kama kontena linaripotiwa wavu unashindikana nini?

Alama nazo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walishatoa mwongozo wa kuweka alama kwenye zana za uvuvi tangu 2018, ni wa hiari kwa hiyo kila serikali inaamua yenyewe iuchukue au iuache kwenye rafu. Hauhitaji makubwa, kibati au kamba yenye namba inayorudi kwa mwenye wavu. Najua wavuvi watalalamika kwamba ni mtego wa kuwashika, na wana haki ya kulalamika kama kitu cha kwanza utakachofanya na hizo namba ni kuwashitaki. Anza kwa kuzitumia kuwarudishia nyavu zao zilizookotwa, wavu si wa bei ya mchezo, utaona wenyewe wanazidai hizo alama.

Kwa mitego ya kaa na ya samaki ni rahisi zaidi. Alaska ni sheria mtego uwe na sehemu iliyofungwa kwa uzi wa pamba. Mtego ukipotea uzi unaoza ndani ya muda, sehemu inafunguka, waliomo wanatoka na wanaokuja wanapita tu. Uzi wa pamba Mheshimiwa! Hakuna droni hapo wala mshauri elekezi, na tunaambiwa mambo ya bahari ni magumu hayana bajeti.

Maana nikisema bajeti naona pesa nyingi zinakwenda kwenye mitambo ya kwenda kuchota plastiki katikati ya bahari, inavutia kwenye video nakubali. Kama lazima mtambo uwe mmoja basi uwekwe mdomoni mwa mto kama walivyofanya Baltimore, Marekani, 2014 na lile gurudumu lao linalozoa takataka kabla hazijafika baharini, pale angalau zimekusanyika sehemu moja. Marufuku ya mifuko nayo ilifanya kazi yake, Bangladesh 2002, Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na ilionyesha kwamba serikali ikitaka kitu inaweza. Sitaki kurefusha hapo.

Najua utaniambia tusubiri mkataba wa dunia wa plastiki. Azimio la kuuandaa lilipitishwa Nairobi Machi 2022 na lengo lilikuwa uwe tayari mwisho wa 2024. Mkutano wa Busan ukapita bila makubaliano, wa Geneva Agosti 2025 ukapita bila makubaliano, nchi zinavutana kama uzalishaji wa plastiki uwekewe kikomo au la, na mimi niko upande wa kikomo ila naona mvutano hauishi leo. Lile lengo la maendeleo endelevu la Umoja wa Mataifa la kupunguza kwa kiasi kikubwa uchafu wa baharini lenyewe liliandikwa ifikapo 2025. Nilichokuomba humu hakihitaji kura ya nchi nyingine, ni kanuni ya ada bandarini, namba ya simu ya kuripoti, alama, na uzi unaooza.

Swali langu la mwisho ni la kiutendaji tu: ni bandari na diko (pale wavuvi wanaposhushia samaki) ngapi chini ya mamlaka yako zinapokea wavu mkuukuu leo hii bila malipo, na nani anakagua kama pipa halijajaa? Naomba jibu la maandishi. Na kama utasema hili ni la wenzako wa bandari, na wao waseme ni la uvuvi, na uvuvi waseme ni la mazingira, naomba barua hii iwafikie wote watatu siku moja na wakae meza moja kuijibu.

Wako,
Mwananchi