YAH: Malalamiko kuhusu kasha langu mlilolipiga msasa bila ruhusa

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.
11 Juni 2025

Meneja wa Karakana,
Ukarabati wa Samani na Vitu vya Kale,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Nimeamua kuandika kwa sababu simu tatu nilizokupigia ziliishia kwenye jibu lile lile: "Mama, mbona limependeza?" Limependeza, sikatai. Linang'aa kama meza ya hoteli. Lakini mimi sikuwaletea meza ya hoteli.

Tarehe 14 Aprili niliwakabidhi kasha moja la msaji lenye misumari ya shaba. Stakabadhi yenu ninayo hapa mezani, na inataja kazi mbili tu: kubadilisha bawaba moja ya nyuma iliyokatika, na kutibu mguu wa mbele wa kushoto ulioanza kubunguliwa na wadudu. Miguu ile si msaji, ni mbao laini iliyoongezwa baadaye. Msaji wenyewe wadudu hawauwezi. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 480,000. Nusu nililipa siku ile, na nusu nikalipa siku ya kuchukua, kabla turubai halijafunguliwa. Kulipa kabla ya kuangalia ni kosa langu, nalikiri. Kosa jingine ni kwamba niliona karani wenu akiandika "sanduku la Kiarabu, kuukuu, chafu", nami nikacheka badala ya kulirudisha kasha kwenye gari.

Naona karakana haikujua imeshika nini, kwa hiyo nivumilie kidogo. Wauza vitu vya kale hapa Mjini huyaita makasha haya yote "ya Kizanzibari". Ukweli ni kwamba mengi yalitengenezwa pwani ya magharibi ya India, Surat, Bombay na Malabar, yakaletwa na majahazi kwa upepo wa kaskazi. Mengine yalipitia Oman na nchi za Ghuba, ambako huitwa mandusi. Humo ndimo watu walimoweka nguo za biharusi, udi, fedha na hati za nyumba. Langu nililinunua mwaka 1998 kwa bibi mmoja wa Malindi aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Nililipa kwa mafungu kumi na moja kutoka mshahara wa ualimu, na kila nilipopeleka fungu alinionyesha kitu kipya: kijisanduku cha ndani upande wa kushoto, ubao wa kutelezesha, na chini yake vitoto viwili vya siri, yaani vidroo, ambavyo mgeni hawezi kuvijua. (Fundi wenu hakuvijua. Humo tu ndimo ambamo msasa haukuingia.)

Kasha lina misumari 612. Unguja ilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, sikuwa na la kufanya usiku ila kuwasha kandili na kuhesabu. Vichwa vyake havikulingana, kwa kuwa kila mmoja ulipita kwenye mkono wa mtu. Lililorudi tarehe 2 Juni, baada ya wiki tatu mlizoahidi kugeuka saba, lina misumari 612 vilevile. Kwa hesabu hamjambo. Ila 74 kati yake ni misumari ya kupigia makochi. Nilipitisha sumaku, ikanasa, na shaba hainaswi na sumaku. Ni chuma kilichopakwa rangi. Kwa chumvi ya upepo wetu, vuli haitapita kabla haijaanza kuchirizisha kutu juu ya ubao.

Ile mingine mmeisugua mpaka inaumiza macho. Ule weusi uliokuwa umelala kwenye mashina yake mliuita uchafu, na ubao mkaupitishia msasa wa mashine. Asubuhi jua likiingia dirishani kwa upande naona miviringo ya mashine kifuniko kizima. Ukingo wa mbele wa kifuniko ulikuwa umelika kidogo upande wa kulia, pale mkono unaposhika ili kufungua. Kulika kule si kazi ya mwaka mmoja wala ya mtu mmoja. Mmeuranda, umenyooka, na sasa nikilifungua mkono wangu hautui popote.

Hayo yote ningeyameza, nikawadai misumari yangu tukaachana. Kisha nikafungua kifuniko.

Ndani ya kifuniko, pembeni juu, kulikuwa na mistari mitano ya penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Si shairi wala dua. Ni hesabu ya nyumbani: kanga doti mbili, ubani ratili moja, rupia 4 kwa fundi wa paa, na mistari miwili ambayo sikuwahi kuisoma vizuri kwa sababu mwandiko ulikuwa wa haraka. Bibi aliyeniuzia alisema ni mkono wa mama wa mumewe. Rupia iliondolewa Zanzibar mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mstari ule mmoja ulinieleza umri wa kasha kuliko mtaalamu yeyote angenieleza, na tena ulinieleza kuwa paa la mtu lilikuwa linavuja. Umekwenda na vumbi la msasa. Badala yake bawaba mpya imefungwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba, aina iliyopewa hataza kule Marekani mwaka 1936. Mmeufuta mwaka kwa mkono mmoja, mkaupigilia kwa mkono wa pili.

Uliniambia kwenye simu kwamba wateja wengi hupenda kitu kirudi kama kipya. Sina shaka. Mimi ninakusanya vitu vya kale kwa miaka thelathini sasa, kidogo kidogo, kwa mfuko wa mwalimu: dele la Oman, lile birika la kahawa, mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, yenye nembo ya sphinx chini, sahani mbili za Kijapani. Bakuli ninalolipenda kuliko yote ni la Kichina, la enzi ya Qing, lililowahi kupasuka vipande vitatu likashonwa kwa vikwasi vya chuma. Vikwasi vinaonekana, na vina kutu. Hata siku moja sijafikiria kuving'oa, maana vinaniambia kwamba mtu fulani, mahali fulani, alilipenda bakuli hili kiasi cha kumlipa fundi alishone. Wajapani nao huziba ufa kwa laki na unga wa dhahabu makusudi uonekane. Fundi wa vitu vya kale akipewa bawaba atengeneze, hutengeneza bawaba. Akiona kingine kinamwasha mkono, hupiga simu kwa mwenyewe.

Ninachodai ni hiki. Nirudishieni shilingi 480,000 zote, pamoja na nauli ya kulivusha kasha kwenda na kurudi. Nirudishieni misumari yangu 74, bawaba iliyokatika na tumbuu ya zamani, kile kipete cha kutilia kufuli, mliyoibadilisha bila hata kuitaja. Naambiwa vimo kwenye ndoo ya vyuma chakavu nyuma ya karakana. Vitoeni humo kabla hamjaviuza kwa kilo, na msivisugue. Niandikieni pia jina la vanishi mliyopaka. Kama ni shelaki, fundi mwingine anaweza kuitoa kwa spiriti. Kama ni ile ya poliurethani, kuitoa ni kuuumiza ubao mara ya pili, na nitaliacha kasha lilivyo.

La mwisho ni picha. Vijana wenu wameweka mtandaoni picha za kasha langu, "kabla" na "baada", kama tangazo la kazi yenu. Sikuwapa ruhusa, na nataka tangazo hilo liondolewe. Jioni ile nililiangalia kwa hasira, nikalikuza, nikalirudia mara nyingi. Katika picha ya "kabla" kifuniko kimefunguliwa, na pembeni juu, kwa udogo na ukungu, mistari mitano inaonekana.

Mimi sikuwahi kuipiga picha. Miaka ishirini na saba kasha limo chumbani kwangu, sikuona haja. Nilipotaka kuisoma nilifungua kifuniko. Kwa hiyo picha ile ndiyo nakala pekee iliyobaki, nayo imo kwenye simu ya kijana wenu. Ondoeni tangazo, lakini msiifute picha yenyewe. Nataka ile ya asili, ukubwa wote, kama ilivyotoka kwenye kamera, isipitishwe kwenye WhatsApp ikapunguzwa. Kama alipiga zaidi ya moja, nazitaka zote, hata zilizotikisika.

Fedha na vyuma navisubiri hadi tarehe 25 Juni. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na stakabadhi yenu. Picha haziwezi kusubiri siku hiyo, maana simu za vijana hupotea. Mpwa wangu atakuja karakana Ijumaa hii baada ya sala, akiwa na flashi. Naomba kijana aliyepiga awepo.

Wako,

Mwenye kasha

Nakala: jalada langu