Mbwa mzee anafundishika, acheni sumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niwajibu watu wa mtaa wetu wa Walukuba, hapa Jinja, na wengine wenye mawazo kama yao. Mbwa akishapita miaka 7 wanamhesabu amekwisha. Akiwa na tabia mbaya, shauri lao ni moja: mtie sumu, tafuta kitoto. Ukibisha, utajibiwa samaki mkunje angali mbichi. Samaki nawajua, ziwa lipo hapo chini. Mbwa si samaki.

Mimi nakaanga chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, kando ya barabara, mbele ya nyumba. Mwaka jana jirani yangu alihamia Kamuli akaniachia mbwa wake, Jenerali, dume la kienyeji ambalo mdomo umeshaota mvi. Umri wake hasa hakuna anayeujua. Alikuwa na kosa moja tu, lakini kwa biashara yangu lilikuwa kubwa: bodaboda haipiti bila yeye kuifukuza. Na wateja wangu wengi ni vijana wa boda. Mmoja akaniambia, "Mama, huyu mzee atatuvunja miguu, mtafutie dawa." Dawa aliyoikusudia naijua.

Hebu tuingie kichwani mwa mbwa. Pikipiki inakuja, yeye anabweka na kuikimbilia, pikipiki inakwenda zake. Ingekwenda tu hata angelala, lakini Jenerali anaona ameishinda. Ameshinda hivyo kila siku, miaka nenda miaka rudi, nani angeacha? Na ukimchapa fimbo wakati huo, anachoelewa ni kwamba pikipiki zikija huja na balaa. Kesho atabweka zaidi.

Kwa hiyo nikamfunga kamba ndefu, nikawa nakaa naye nyuma ya nyumba, pale anapoisikia boda lakini haimpandishi mori. Ni asubuhi, kabla sijawasha sigiri, dakika chache tu, maana mzee huchoka. Mfukoni nina mapafu ya ng'ombe, nimeyachemsha na kuyakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Boda ikisikika tu, kabla hajafungua mdomo kubweka, kipande kinaingia. Papo hapo. Ukichelewa mpaka ameshabweka, umemlipa kwa kubweka, na hapo ndipo wengi wanaposema mbwa wao ni mkaidi. Baada ya muda nikaona akisikia mlio anageuza shingo, ananitazama mimi, masikio mbele, mate yanamchuruzika. Anadai mshahara!

Ndipo tukaanza kusogea barabarani kidogo kidogo. Kijana mmoja wa boda alikubali kunisaidia kwa malipo ya rolex: kwanza anaisukuma pikipiki imezimwa, halafu anaiwasha imesimama, halafu anapita polepole. Jenerali akichachamaa, maana yake tumekaribia mno, basi tunarudi nyuma. Hakuna kelele, hakuna teke.

Hapa ndipo mzee anapowashinda watoto. Kitoto cha mbwa hakitulii; jani likipeperuka, kimesahau kila ulichokifundisha. Mzee anakaa, anakutazama, anapiga hesabu zake. Ni kweli mbwa huwazoea watu na vitu vipya kwa urahisi zaidi akiwa na umri wa wiki 3 hadi 14 hivi, na aliyekulia mafichoni anaweza kubaki na woga. Lakini kuzoea ni jambo moja na kujifunza ni jambo jingine. Kinachomchelewesha mzee ni mazoea yake ya zamani, akili anayo.

Asiyeniamini aulizie Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kule Francis Okello Oloya, mwanasaikolojia aliyepofushwa na bomu utotoni, alianzisha Comfort Dog Project. Wanachukua mbwa wasio na makao, wanawafundisha, wanawapa watu walioumizwa moyo na vita vya Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA, wawe wenzao nyumbani. Ni mbwa hawa hawa wa kienyeji tunaowarushia mawe.

Ila kabla ya mafunzo yoyote, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa cha mbwa apewe hapo hapo kama imepitwa na wakati. Mbwa mzee anayenguruma ukimgusa kiuno huenda viungo vinamuuma. Asiyeitikia akiitwa huenda masikio yamekwisha. Huyo mfundishe kwa mkono, maana mbwa husoma mikono yetu upesi kuliko maneno. Jenerali mwenyewe nikishusha kiganja tu, anakaa. Na yule anayezurura usiku, anayesimama akikodolea ukuta, au anayeanza kuchafua ndani baada ya miaka ya usafi, anaweza kuwa na ugonjwa wa uzee unaoshika ubongo. Kumchapa huyo ni dhambi, mimi nasema hivyo.

Siku hizi vijana wanaegesha boda zao mbele ya meza yangu na Jenerali amelala chini yake. Ila bado anawafukuza mbuzi wa jirani, siwezi kudanganya. Kwa mbuzi tunatumia kamba kwanza, mpaka mapafu yafanye kazi yake.

Muuza chapati,
Walukuba, Jinja