Risala ya Klabu ya Ushauri Nasaha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi uje kujumuika nasi. Tumefarijika kusikia kwamba utakuwa nasi hadi mwisho, maana wageni waliotangulia waliitwa na majukumu kabla risala haijasomwa.

Klabu yetu ilianzishwa ili kumsaidia mwanafunzi atambue wanaomfinyanga: nyumbani, darasani, kwa marafiki na kwenye simu. Mafanikio ni makubwa. Tuna katiba, mhuri, na sanduku la maoni ambalo kufuli lake bado linafunga.

Mheshimiwa, mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio la mistari. Watu walitakiwa kuchagua kati ya mistari mitatu ule uliolingana na wa mfano. Jibu lilikuwa wazi, ila waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa kukosea. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walifuata mkumbo angalau mara moja. Asch alipoweka mtu mmoja wa kusema kweli katika kundi lile, kufuata mkumbo kulipungua mno. Mmoja tu, Mheshimiwa. Hatuombi jeshi.

Ila huyo mmoja anahitaji pa kukaa. Kwa sasa ushauri hutolewa kwenye kona ya stoo ya michezo, ambayo kuta zake hazifiki darini. Mwanafunzi anayeshinikizwa na wenzake avute sigara hawezi kulisema hilo huku wenzake haohao wakiingia kuchukua mpira. Husema "sina shida", na daftari huandikwa hivyo. Kisha daftari hilohilo hutumika kuthibitisha kwamba hapa hakuna tatizo.

Tunaomba chumba kimoja cha mita 3 kwa 3, kuta zifike darini, mlango uwe na kioo kidogo ili aliye ndani aonekane lakini asisikike. Viti 3 vya kimo kimoja, kwani kiti kirefu cha mshauri humfanya mwanafunzi ajione yuko kwenye mashtaka. Kabati la kufuli. Mshauri asiwe mwalimu wa nidhamu. Anayesikiliza asubuhi na kuadhibu mchana huambiwa yale tu yasiyo na adhabu. Na vipindi viwe ndani ya ratiba, kwa sababu anayebaki baada ya masomo hujulikana amebakia nini.

Pia tunaomba siku 3 za mafunzo kwa waelimishaji rika 12, wasiwe viranja watupu. Wajifunze kusikiliza bila kukatiza, kutunza siri, na kuijua siri isiyotunzwa: mwenzao akidhulumiwa au akitaka kujidhuru, mshauri aambiwe siku hiyohiyo. Wasipofundishwa hilo, wataitunza vizuri sana.

Chumba hiki si kigeni masikioni. Kimeahidiwa mara tatu na kupimwa mara mbili. Vigingi vya vipimo bado vipo, siku hizi ni magoli. Hatumlaumu mtu. Huenda barua zetu zilipotea njiani, zote tano.

Mchoro umeambatanishwa, na chini yake tumeacha nafasi ya tarehe ya kuanza ujenzi. Kalamu tunayo hapa.

Tunaomba kuwasilisha.